Kichwa kinapouma, uliza mgongo

Saa kumi na moja alfajiri mdogo wangu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, beseni mapajani, mkono mmoja kisogoni. Alikuwa ametapika mara mbili na mwili wake haukuwa na homa. "Dada, zima taa," aliniambia. Nilipoizima akaongeza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeogopa kuiamsha sauti yake mwenyewe: "Nikilala ndiyo kinazidi. Nikikaa kinapoa kidogo."

Maneno hayo yalikuwa na jibu lote ndani yake, nasi tulikuwa tumezunguka nayo wiki tatu bila kuyasikia. Mara ya kwanza tuliambiwa ni malaria, akamaliza dozi. Mara ya pili ikawa UTI, akachomwa sindano siku tano. Mara ya tatu tukaambiwa ni mawazo na macho kuchoka, apunguze kushona usiku, kwa kuwa yeye ni fundi cherehani na msimu wa harusi ulikuwa umepamba moto. Kila tulipotoka tulitoka na karatasi ya panadol mkononi.

Hakuna aliyeuliza habari za mgongo wake. Na sisi, ndugu zake, hatukuutaja. Mdogo wangu alizaliwa na mgongo wazi. Alifungwa mgongo angali mchanga, na miezi michache baadaye akawekewa mpira wa kichwani wa kutoa maji. Mpira ule ulifanya kazi miaka 26. Tuliuzoea mpaka tukausahau, kama watu wanavyosahau nguzo iliyozikwa ndani ya ukuta wa nyumba yao.

Asubuhi ile tulikwenda hospitali ya rufaa. Daktari wa zamu, kijana, alimsikiliza, akautazama mguu wake wenye kifaa cha chuma, akauliza swali moja: "Ana mpira?" Kisha akapeleka vidole nyuma ya sikio la kulia, akaushusha mkono taratibu shingoni kama anayefuata waya chini ya zulia. Juu kidogo ya mtulinga akasimama. Akarudi juu, akashuka tena, akasimama palepale. Picha ya eksirei ilionyesha alichokigusa: mstari mweupe ukishuka kutoka fuvuni, halafu pengo la upana wa vidole viwili, halafu mstari ukiendelea kifuani kana kwamba hakuna kilichotokea. Mpira ulikuwa umekatika. Alifanyiwa upasuaji usiku uleule.

Ninaandika makala hii kwa ajili ya watu wazima wanaoishi na matatizo ya mgongo, na kwa ajili ya dada, kaka, mke, mume na mhudumu wa zahanati anayekuwa karibu nao kichwa kinapoanza kuuma tofauti na kawaida.

Maji yale yale, juu na chini

Kiswahili kiliuona undugu huu zamani. Ugonjwa unaoanza kwa kichwa kuuma vibaya na shingo kukakamaa tunauita homa ya uti wa mgongo, ingawa mgonjwa analalamikia kichwa. Jina hilo lina haki yake. Ubongo, na ule mkanda mnene wa mishipa ya fahamu unaoshuka ndani ya pingili za mgongo, vimefunikwa na tando zile zile na vinaogeshwa na maji yale yale.

Mtu mzima hutengeneza takriban nusu lita ya maji hayo kwa siku, lakini kwa wakati mmoja yaliyomo ndani ni kama mililita 150 tu, chini ya nusu ya chupa ya soda. Maana yake hubadilishwa mara tatu au zaidi kila siku. Yanazalishwa usiku na mchana, hivyo yanapaswa kuondoka usiku na mchana. Kwa mtoto mchanga njia ikiziba, mifupa laini ya fuvu hutanuka, ndipo tukapata jina la kichwa kikubwa. Fuvu la mtu mzima halina pa kutanukia. Msukumo wa maji unapanda, ubongo unabanwa, na mwenye kichwa anakuwa wa kwanza kujua.

Mtu akilala chali msukumo huo huongezeka. Ndiyo maana maumivu ya namna hii hupenda kumwamsha mtu alfajiri, yakifuatana na kutapika, kisha yakalegea akishainuka na kukaa. Mdogo wangu alikuwa ameyaeleza vizuri kuliko kitabu.

Mpira una umri wake

Watoto wengi wanaozaliwa na mgongo wazi hujaa maji kichwani, na kwa miongo mingi tiba yao imekuwa mpira: mrija mwembamba unaotoka kwenye vyumba vya maji vya ubongo, ukapita chini ya ngozi nyuma ya sikio, shingoni, kifuani, hadi tumboni, ambako maji hunyonywa na mwili. Katikati pana vali ndogo inayoyaruhusu kushuka na kuyazuia kupanda.

Vali hiyo imetoka kwenye mikono ya wazazi wenye uchungu. Mwaka 1956, Philadelphia, fundi wa karakana John Holter alitengeneza vali kwa ajili ya mwanawe Casey, aliyezaliwa na mgongo wazi na kujaa maji kichwani. Miaka michache baadaye mwandishi Roald Dahl, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1930 alifanya kazi katika kampuni ya mafuta ya Shell hapa Dar es Salaam na kujifunza Kiswahili, alipatwa na msiba wa aina hiyo. Desemba 1960, jijini New York, teksi iligonga kigari cha mwanawe Theo, aliyekuwa na miezi minne. Kichwa cha mtoto kikajaa maji, na mpira aliowekewa ukawa unaziba kila mara. Dahl alimtafuta mhandisi Stanley Wade na daktari wa upasuaji Kenneth Till, na kufikia mwaka 1962 watatu hao walikuwa na vali isiyoziba ovyo. Hawakutaka faida yoyote kutokana nayo.

Pamoja na juhudi hizo, mpira umebaki kuwa kitu kinachochakaa. Kati ya watoto wanaowekewa, karibu 4 katika kila 10 hupata hitilafu ndani ya mwaka wa kwanza. Wanaovuka hapo wakakua, mpira wao haukui nao. Mwili unarefuka, mrija unavutwa. Miaka inapita, chokaa ya mwili inaugandisha, nao unakuwa mgumu na mwepesi kuvunjika, hasa shingoni ambako kila kugeuka ni kuupinda. Ncha ya juu inaweza kuzibwa na tishu za ubongo, ya chini ikazingirwa na uvimbe wa maji tumboni. Vijidudu navyo huweza kuingia, na hapo homa hujitokeza, au wekundu kwenye ngozi mrija unapopita.

Kuna mambo mawili ambayo familia nyingi hazikuwahi kuambiwa. La kwanza ni choo. Mpira unamwaga maji tumboni, na tumbo lililojaa choo cha siku nyingi linaongeza msukumo unaoweza kuyarudisha nyuma. Wenye mgongo wazi wengi husumbuliwa na choo kigumu maisha yao yote, hivyo kichwa kikianza kuuma, tumbo nalo liulizwe. La pili ni mimba. Kadiri mji wa mimba unavyopanda, ndivyo mpira unavyoweza kushindwa kumwaga. Mama mjamzito mwenye mpira anastahili kumwambia mkunga tangu hudhurio la kwanza la kliniki, asisubiri mwezi wa nane.

Mpira unaweza pia kukosea upande wa pili, ukatoa maji mengi kupita kiasi. Hapo mambo hugeuka: kichwa kinauma mtu akisimama, kinatulia akilala. Kwa hiyo swali la "ukilala kinakuwaje, ukisimama kinakuwaje?" lina thamani kubwa, na halihitaji mashine wala pesa.

Kwa mtu mzima dalili nyingine huja kwa kunyata: kusahau, kusinzia mchana, hasira zisizo za kawaida yake, macho kuona vitu viwili viwili, kazi aliyoizoea kuanza kumshinda. Mama mwenye duka alikopeleka nguo mdogo wangu aliniambia baadaye kwamba kwa mwezi mzima vipimo vya mikono vilikuwa vikipishana. Sisi tuliona ni uzembe.

Kuna jambo moja la kulishika sana. Picha ya CT ya mtu mwenye mpira inaweza kuonekana ya kawaida kumbe mpira umeshindwa, kwa sababu vyumba vyake vya maji havitanuki kwa urahisi kama vya wengine. Daktari anahitaji kuilinganisha na picha ya zamani, ile iliyopigwa mgonjwa akiwa mzima. Filamu zile tunazozirundika juu ya kabati na kuzipangusa vumbi mwaka hadi mwaka zina kazi. Msizitupe.

Wasio na mpira nao wasijihesabu wamepona

Mbale, mashariki mwa Uganda, daktari Benjamin Warf alianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuwatibu watoto bila kuwaachia mrija. Kwa kamera nyembamba alitoboa tundu sakafuni mwa chumba cha tatu cha ubongo ili maji yapate njia nyingine, kisha akaunguza sehemu ya tishu inayoyatengeneza. Alikuwa akiwafikiria watoto watakaorudi kijijini, mbali na hospitali, ambao mpira ukiziba usiku hakuna wa kuuzibua. Njia hiyo imeenea mbali kuanzia pale Mbale.

Lakini tundu nalo huweza kuziba, hata baada ya miaka mingi, na likiziba hali hubadilika haraka. Kwa hiyo kijana aliyetibiwa kwa kutobolewa, ambaye wazazi wake wamezoea kusema "yeye hana mpira, alipona kabisa," anahitaji macho yale yale.

Ubongo ulioshuka

Karibu kila anayezaliwa na mgongo wazi wa aina iliyo wazi kabisa ana jambo lingine lisiloonekana kwa nje. Sehemu ya nyuma ya ubongo imeshuka na kuingia kwenye tundu la fuvu ambamo mishipa ya fahamu hupita kwenda mgongoni. Hali hiyo hubeba jina la daktari Hans Chiari, aliyeieleza akiwa Prague mwaka 1891. Watu wengi huishi nayo bila usumbufu. Kwa wengine, ukubwani, inaanza kusema.

Maumivu yake yana mtindo wake. Hukaa kisogoni na kwenye shingo, na hupiga ghafla mtu akikohoa, akipiga chafya, akicheka sana au akijikamua chooni. Yakiandamana na kupaliwa mara kwa mara, sauti kukwaruza, au kukata pumzi usingizini, hayo si ya kuvumilia nyumbani. Wakati mwingine maji hujikusanya ndani ya mkanda wa fahamu wenyewe na kufanya uvimbe mrefu, na moja ya dalili zake huonekana jikoni: mtu anaungua vidole kwenye sufuria na hajui mpaka aone lengelenge. Mwenye mgongo wazi akianza kuungua bila kuhisi, au mikono ikaanza kumlegea, apelekwe akaonwe na daktari wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu. Na kitu cha kwanza kitakachotazamwa kitakuwa mpira, kwa kuwa ukishindwa ndio unaoweza kuamsha hayo mengine.

Kichwa kinacholia kwa niaba ya kibofu

Katika chumba cha mazoezi ya viungo nilikompeleka mdogo wangu baada ya upasuaji, nilizoeana na mke wa kijana aliyekuwa dereva wa bodaboda. Kijana huyo alivunjika shingo kwenye ajali, sasa yuko kwenye kiti cha magurudumu. Mke alinisimulia usiku mmoja mumewe alivyoanza kulia kichwa kinapasuka. Uso ulikuwa umeiva, jasho likimtiririka usoni na shingoni, huku miguu imekauka na kusisimka vinyweleo. Mke akakimbilia panadol, kisha macho yake yakaangukia mfuko wa mkojo. Ulikuwa mtupu. Akafunua shuka akakuta mpira wa mkojo umejikunja chini ya paja. "Niliunyoosha tu, dada," aliniambia. "Mkojo ukashuka kama bomba limefunguliwa. Hazikupita dakika kumi, akalala."

Alichokiona kinajulikana kitaalamu kama disrefleksia. Huwapata watu walioumia mgongo kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu. Chini ya jeraha kuna kero: kibofu kimejaa, choo kimekwama, kidonda cha kulalia, ukucha ulioota ndani ya nyama, mkanda uliobana. Mwili unapiga kelele, lakini taarifa haifiki kwenye ubongo kwa kuwa njia imekatika. Mishipa ya damu inajibana yenyewe, presha inapanda kwa kasi, na ujumbe pekee unaomfikia mwenye mwili ni kichwa kinachogonga. Wengi hawahisi kibofu wala kidonda. Kichwa ndicho kinachowasemea.

Hatari yake ni kiharusi na degedege, na mtego wake uko kwenye namba. Mtu aliyeumia juu namna hii, presha yake ya kila siku mara nyingi huwa ya chini, ile namba ya juu ikicheza kati ya 90 na 110. Akipimwa akakutwa 140, mhudumu asiyemfahamu atasema imepanda kidogo tu. Kwake yeye huo ni moto. Kupanda kwa 20 hadi 40 juu ya kawaida yake kunatosha kuita dharura.

Cha kufanya huanzia nyumbani. Mkalishe wima, miguu ining'inie, wala usimlaze, maana kulala kunaipandisha zaidi. Legeza mkanda, viatu na nguo zinazobana. Tazama mpira wa mkojo kama umejikunja au umeziba. Kama hana mpira wa mkojo, mkojo utolewe. Kisha choo, kisha ngozi yote hadi kucha. Presha ipimwe kila baada ya dakika chache, na isiposhuka, awahishwe hospitali akiwa amekaa. Mama mjamzito aliyeumia mgongo anaweza kupata hali hii uchungu unapoanza, na ikachanganywa na kifafa cha mimba. Wakunga wajulishwe mapema.

Sababu za kawaida zilizovaa nguo nyingine

Mgongo haupaswi kubebeshwa kila kosa. Wenye matatizo ya mgongo nao huugua kipandauso, malaria na mafua kama watu wote. Ila baadhi ya sababu za kawaida huwakuta wao zaidi.

Figo ni mojawapo. Kibofu kisichomwaga vizuri kwa miaka huziharibu figo, figo zikapandisha presha, na presha iliyopanda sana ikaumiza kichwa. Shingo ni nyingine: anayesukuma kiti cha magurudumu kutwa au kuinama juu ya cherehani huvutwa misuli ya mabega na kisogo, na pingili za shingo zilizosagika huweza kurusha maumivu hadi nyuma ya jicho. Anayekoroma na kukata pumzi usingizini huamka na kichwa kizito. Mwenye kifua kikuu cha mgongo, au anayeishi na virusi vya UKIMWI, maumivu ya kichwa yakizidi siku hadi siku pamoja na homa na kuchanganyikiwa, achunguzwe homa ya uti wa mgongo bila kuchelewa.

Ipo sindano ya mgongo pia, ile ya ganzi wakati wa upasuaji. Mara chache tundu lake huvujisha maji, na kichwa huuma ndani ya siku tano, vibaya mtu akiinuka, kikatulia akilala. Wengi hupona kwa kupumzika, na wasiopona wana tiba: huchomwa kiasi kidogo cha damu yao wenyewe pale mgongoni ili kuziba tundu. Hakuna haja ya kubaki na maumivu hayo kwa miezi kwa sababu tu ya uoga.

Na zipo dawa zenyewe. Mtu anayemeza panadol au diklofenaki siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa miezi mitatu, anaweza kujitengenezea kichwa kipya kinachotokana na dawa. Diklofenaki na jamaa zake pia huziumiza figo, zile zile ambazo mwenye mgongo wazi hana za kuchezea.

Waliookolewa wamekua

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na maumivu ya kichwa ni mzigo mwepesi zaidi machoni pa asiyeubeba. Kizazi kilichopita, watoto wenye mgongo wazi wengi hawakufika darasa la kwanza. Leo kwa kazi ya madaktari wa taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili, wa hospitali ya Kijabe nchini Kenya, wa Mbale na kwingineko, wamekuwa watu wazima. Wanashona, wanafundisha, wanaoa na kuolewa. Lakini kliniki walizokulia ni za watoto. Wakivuka umri, faili linafungwa, na kijana wa miaka 26 anapanga foleni ya wagonjwa wa nje mbele ya mtu asiyejua kwamba chini ya ngozi ya shingo yake kuna mrija. Hospitali zilizowaokoa ziwawekee kliniki ya watu wazima, hata siku moja kwa mwezi. Zahanati nazo ziongeze swali moja kwenye orodha: je, mgongo wako una historia gani?

Mdogo wangu sasa ana karatasi ndogo nyuma ya jalada la simu yake, ameiandika mwenyewe kwa kalamu ya fundi: nina mpira wa kichwani, umewekwa upya mwaka huu, upande wa kulia, presha yangu ya kawaida, jina la hospitali yenye picha zangu. Mwezi uliopita aliumwa kichwa tena. Alikwenda zahanati peke yake, na kabla ya kuulizwa akaitoa ile karatasi. Muuguzi aliisoma, akaweka chini kipimo cha malaria alichokuwa amekwisha kukishika, akamuuliza kama anatapika, kama anaona vizuri, ukilala kinakuwaje, choo umepata lini. Akaushika mrija kwa vidole kutoka sikioni hadi kifuani. Kisha akakichukua tena kile kipimo, akamtoboa kidole.

Ilikuwa malaria. Alirudi nyumbani na dozi, akanipigia simu akicheka: "Dada, safari hii ni mbu tu."